Bahasha zinakuja korosho zikiwa bado mtini

Huku kwetu Tandahimba na Newala, mkoa wa Mtwara, ukitaka kujua kwanini hela ya uchaguzi inafanya kazi, angalia kwanza kalenda. Kura za maoni, zile za kumpata mgombea ndani ya chama, zinaangukia mwezi wa saba au wa nane, mda huo mkulima bado anahangaika na salfa, dawa ya mikorosho, minada ya korosho haianzi mpaka mwezi wa kumi, ndani hamna kitu, alafu anakuja mtia nia, anayeomba chama kimsimamishe, na bahasha anasema "ya soda tu hiyo mama". Unakataaje?

Sheria ipo. 2006 Mahakama Kuu ilishaifuta takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliyoingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, alafu 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Kikwete, rais wa wakati huo, akaisaini mwezi wa tatu. Waziri anaweka kiwango cha juu cha matumizi, hesabu zinapelekwa kwa Msajili wa Vyama, na inagusa mpaka uteuzi ndani ya chama, sio kampeni peke yake, hili wengi hawalijui.

Ila hela inayouma haipiti kwenye kampeni. Kampeni kuna tisheti, mziki, kanga, vyote vinaonekana. Kura za maoni hela inatembea usiku, kwa wajumbe wa chama wanaopiga kura, mmoja mmoja, hamna risiti, na wapiga kura wakiwa wachache pikipiki moja inawamaliza wote. Na kwenye jimbo ambalo chama kimoja kinashinda miaka yote, uchaguzi umeishia hapo.

Marekani kuna jimbo la Maine, wananchi walipitisha sheria yao kwa kura 1996, mgombea anayetaka anakusanya michango ya dola 5 kwa wapiga kura, ikifika idadi jimbo linamlipia kampeni. Sisemi tuibebe nzima, serikali yetu ina mizigo mingi, ila pale mpiga kura ndo ametoa na mgombea ndo anadaiwa. Kwetu mama akishapokea ile bahasha anaona aibu hata kumuuliza mbunge habari za barabara, na hii ndo inaniuma kuliko yote.

Mi nataka hesabu zile zinazoenda kwa Msajili zibandikwe ofisi ya kata, watia nia na wagombea wote, jina na shilingi. Bei za mnada tunazifatilia mpaka shilingi ya mwisho, hizi zitatushinda? Fulani akiandika katumia laki tano kata nzima watu watamuuliza, maana magari yake waliyaona na bodaboda waliojaziwa wese ni watoto wao.