Mtoto huyohuyo anakosa vingapi kwa mpigo?

Fungua taarifa ya mwaka ya halmashauri yoyote huku Kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara, iwe Tandahimba, Liwale au Kilwa. Maji yana ukurasa wake, lishe ina wake, mahudhurio ya shule yana wake, vyeti vya kuzaliwa navyo vina wake. Kila ukurasa na asilimia yake. Asilimia hizo hata ziwe sahihi hadi nukta, kuna swali moja haziwezi kulijibu, na ndilo afisa mipango analolihitaji kuliko yote: mtoto asiye na maji ndiye huyohuyo aliyedumaa (mfupi kupita kiasi kwa umri wake) na asiye na cheti, au hao ni watoto watatu tofauti?

Tuchukue vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja na watoto 10. Tunapima mambo 6: lishe, maji, choo, shule, makazi na cheti cha kuzaliwa. Katika kijiji cha kwanza, watoto 3 wanakosa yote 6 na 7 waliobaki hawakosi kitu. Katika kijiji cha pili, watoto 9 wanakosa mambo 2 kila mmoja, wa kumi yuko salama. Tatu mara sita ni 18, tisa mara mbili ni 18. Upungufu huo ukitawanyika sawasawa, kila jambo linakosekana kwa watoto 3 kati ya 10 katika vijiji vyote viwili. Taarifa itaandika 30% kila mstari na vijiji vitagawiwa fungu sawa.

Sasa weka kigezo kwamba maskini ni mtoto anayekosa mambo 3 au zaidi. Kijiji cha kwanza kina maskini 30%, cha pili 0%. Shusha kigezo hadi mambo 2: cha kwanza kinabaki 30%, cha pili kinaruka hadi 90%. Vijiji ni vilevile, watoto ni walewale.

Kwa hiyo kuna namba tatu zinazotembea pamoja. Ya kwanza ni uwiano wa watoto maskini. Ya pili ni kina, yaani wale maskini kwa wastani wanakosa sehemu gani ya mambo yote. Ya tatu ni zao la hizo mbili, na ndiyo msingi wa njia ya wachumi Sabina Alkire na James Foster inayotumika duniani kote. Kwa kigezo cha mambo 2, kijiji cha kwanza kinapata 0.30 mara 1.00, na cha pili 0.90 mara 0.33. Vyote vinaangukia 0.30. Anayetoa zao peke yake ameficha kwamba kijiji kimoja kina watoto wachache walioachwa kabisa na kingine kina karibu kila mtoto anayesuasua. Toa zote tatu, na kigezo kiandikwe juu ya jedwali, si kwenye kiambatisho.

Yote haya hayawezekani kama data zimekusanywa idara kwa idara. Mstari wa jedwali lazima uwe mtoto, na safu ziwe mambo anayoyakosa. Mkishapewa wastani wa maji kutoka idara moja na wa udumavu kutoka nyingine, hakuna hesabu itakayowaunganisha tena watoto hao.

Wapo watakaosema tuna mstari wa umaskini, unatosha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliuweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na waliokuwa chini yake Tanzania Bara walikuwa 26.4%. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Lakini kinapima kaya, kisha kinachukulia kwamba kilichoingia ndani kinawafikia wote kwa uwiano. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF walipopima watoto wenyewe, katika ripoti ya 2016, walikuta 74% ya watoto ni maskini kwa maana ya kukosa mambo mengi kwa pamoja, wakati walioishi kwenye kaya zilizo chini ya mstari wa fedha walikuwa 29%. Pengo hilo halitokani na hesabu mbovu. Fedha hainunui kituo cha maji ambacho hakijajengwa.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kutoiamini fedha peke yake, nayo ni korosho. Minada inaanza Oktoba, hela zinaingia hadi mwisho wa mwaka, halafu Januari mpaka Machi watu wanakaza mikanda wakisubiri mazao ya chakula. Dodoso la matumizi likipita Newala mwezi wa kumi na mbili na Liwale mwezi wa pili, mtakachokuwa mmelinganisha ni kalenda. Na msimu mzuri huacha alama kwa miaka. Mwaka 2017/18 bei mnadani zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na bati lililoezekwa mwaka ule bado liko juu ya nyumba. Ukitumia bati kama dalili ya nafuu, unapima bei ya korosho ya zamani, si uji wa mtoto wa leo.

Tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Maji. Kipimo cha kimataifa kinasema kaya ina huduma ya msingi kama chanzo ni salama na kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Peleka kipimo hicho juu ya Uwanda wa Makonde. Kisima cha kuvunia maji ya mvua kilichojengewa uani kinahesabika kama chanzo salama, na mwezi wa tatu safari ni dakika sifuri. Mdadisi anaweka alama ya nafuu. Rudi Oktoba, kisima kimekauka, kaya inanunua kwa dumu au inateremka bondeni. Dawa yake ni swali moja la nyongeza: "Mwezi wa kumi mnachota wapi, na inachukua muda gani?" Mtoto ahesabiwe kwa msimu mbaya. Ukiuliza tu "mnapata wapi maji ya kunywa," utapata jibu la wiki hiyo.

Lishe inataka mikono iliyofundishwa. Mtoto wa chini ya miezi 24 hupimwa urefu amelazwa, wa miezi 24 na kuendelea husimama. Aliyekataa kulala akapimwa amesimama, ongeza sentimita 0.7, aliyepaswa kusimama akalazwa, punguza 0.7. Wapimaji wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, kila mmoja anasoma kivyake, na wakipishana zaidi ya sentimita 0.7 wanarudia wote. Kosa la huku Pwani ni kuuweka ubao juu ya mchanga, unazama upande mmoja bila mtu kuona. Tafuta sakafu ya saruji, hata kama ni baraza la ofisi ya kijiji. Kosa jingine ni nywele zilizosukwa kwa juu: zifumuliwe, au mama aombwe mapema.

Ila kosa kubwa kuliko yote ni umri. Mtoto wa kiume mwenye sentimita 83 ukimwandika miezi 24, hajadumaa, kwa kuwa urefu ambao chini yake mtoto wa umri huo huhesabiwa amedumaa ni 81.0. Akiwa kweli na miezi 30, mpaka ni 85.1, na amedumaa. Miezi sita ya kukadiria imembadilisha. Kwa hiyo kadi ya kliniki kwanza. Ikikosekana, usimuulize mama "ana miaka mingapi," maana atasema miwili. Tumia kalenda ya matukio: alikuwa tumboni au ameshazaliwa wakati wa msiba wa Rais Magufuli, Machi 2021? Wakati wa Sensa ya Agosti 2022? Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 alikuwa anatambaa au anatembea? Ukirudi ofisini chora umri wote kwa miezi. Ukiona nguzo ndefu kwenye 12, 24 na 36, wadadisi wamekadiria, na takwimu za udumavu za eneo hilo ziweke pembeni kwanza. Tepu ya mkono nayo isichanganywe humu. Inapima ukondefu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni hali mbaya, kati ya hapo na 12.5 ni ya wastani. Udumavu haionyeshi.

Shule ni rahisi kidogo, ila usitegemee rejesta. Rejesta inamjua aliyeandikishwa, haimjui ambaye hakuandikishwa kabisa, na mtoto wa kata moja mara nyingi anasoma kata ya jirani. Uliza nyumbani: anasoma, darasa la ngapi, amebaki nyuma miaka mingapi. Aliyebaki nyuma miaka 2 au zaidi mhesabu kama anayekosa. Usipite wakati wa jando na unyago. Nyumba zinakuwa na wageni, watoto wako kwingine, na mahudhurio yanakudanganya pande zote mbili.

Hilo linatupeleka kwa bibi. Watoto wengi huku wanalelewa na bibi huku mama yuko Mtwara mjini au Dar es Salaam. Kaya tunaifafanua kama wanaokula chungu kimoja, lakini mama anapoulizwa ana watoto wangapi anawataja wote, naye bibi anawataja walewale. Mtoto anaingia mara mbili, mara moja kwenye nyumba ya tofali na mara moja kwenye ya miti na udongo. Uliza amelala wapi kwa miezi 6 iliyopita, na umhesabu huko tu.

Halafu kuna neno ambalo wadadisi wasilitamke: "msaada." Likitajwa, au mtendaji akisema hii ni ya kuandikisha kaya za TASAF (mfuko wa serikali unaozipa fedha kaya maskini), kuku wanatoweka uani na redio inakuwa ya jirani. Mtendaji awatambulishe, kisha abaki nje ya mahojiano.

Idadi. Kupata asilimia ya halmashauri moja ikiwa inategemewa kuwa karibu na 30%, kwa kupishana pointi 5 juu au chini, hesabu ya kawaida inataka watoto 323. Kwa kuwa tunachukua kaya zilizo karibu karibu na zinafanana, zidisha kwa 1.5, upate 484. Ongeza wa kukosekana nyumbani, 538. Hiyo ni maeneo 45 ya kuhesabia yenye watoto 12 kila moja, kwa halmashauri moja. Linganisha na utafiti wa 2017/18, uliokuwa na maeneo 796 kwa Tanzania Bara yote. Ndiyo maana kitabu cha taifa hakiwezi kukupa namba ya kata, hata ukikisoma mara ngapi.

Na bado utaona halmashauri imepima watoto 60 tu kwa kila kata na kuzipanga kata kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa watoto 60, 30% inamaanisha popote kati ya 16% na 44%. Kata ya tatu na ya kumi na tano zinaweza kubadilishana nafasi kesho kwa bahati tu. Ukitaka kata, kuna njia tatu. Mojawapo ni kuorodhesha watoto wote kwa dodoso fupi la maswali kumi kwenye kishikwambi. Kijiji cha kaya 400 ni kazi ya wiki mbili kwa wadadisi wawili wasioharakishwa. Nyingine ni kuziunganisha kata kwa ukanda, pwani, bondeni na uwandani, na kuacha majina ya kata. Ya tatu ni makadirio ya maeneo madogo, ambapo utafiti uliouliza matumizi ya kaya unafundisha modeli, yaani fomula ya kukadiria, kwa maswali yaliyomo pia kwenye sensa, kama sakafu, choo, elimu ya mkuu wa kaya, kisha modeli inatabiri kila eneo la Sensa ya 2022. Nzuri kwa fedha, dhaifu kwa udumavu, na haifai kabisa kama swali la choo limeulizwa kwa maneno tofauti sehemu hizo mbili. Binafsi, kwa halmashauri yenye bajeti ndogo, ningeanza na ukanda.

Mipaka isisahaulike. Nanyamba leo ni halmashauri ya mji, zamani ilikuwa sehemu ya Mtwara Vijijini. Iliyokuwa Lindi Vijijini sasa ni Mtama. Anayelinganisha na sensa ya 2012 kwa majina atagundua maendeleo au anguko ambalo halikutokea. Linganisha kwa orodha ya vijiji, kisha vipange upya ndani ya mipaka ya sasa.

Jedwali la mkutano wa baraza la madiwani liishie kwenye kata au ukanda, na kisanduku chenye watoto chini ya 5 kiachwe kitupu. Kitongoji kina mtoto mmoja mwenye ulemavu asiyesoma, kila mtu ukumbini anajua ni wa nani. Nakala yenye majina inakaa kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye kabati lililofungwa, na ufunguo anao yeye.