West Ham kabla ya West Ham: nilivyoipanga historia ya timu ya waunda meli

Ushauri wa kwanza niliopewa: chukua tarehe kwenye kurasa za mashabiki, tafsiri, bandika. Wa pili ulikuwa mbovu zaidi: habari za timu zitafute kwenye vitabu vya mpira. Niliufuata, na wiki tatu zikaenda na maji. Timu iliyozaliwa kiwandani mambo yake yamo kwenye makaratasi ya kiwanda. Ukitaka kujua kwa nini Bandari ya Mombasa au Mtibwa Sugar imepanda au imeyumba mwaka fulani, utaanza na mwajiri. Basi na hawa ni hivyo hivyo.

Ninaowazungumzia ni Thames Ironworks, timu ya karakana ya kuunda meli iliyokuwa kwenye mdomo wa kijito cha Bow, pale mto Lea unapomwagika Thames, mashariki mwa London. Leo watu wanaijua kama West Ham United. Kazi niliyojipa ilikuwa ya misimu mitano tu, 1895 hadi 1900: kila mechi niliyoweza kuithibitisha, mstari mmoja, tarehe, mpinzani, uwanja, matokeo, na gazeti nililolitoa. Nilidhani ni kazi ya wikiendi mbili.

Kwanza majina. Ukiandika "Thames Ironworks" kwenye hifadhi za magazeti ya zamani za mtandaoni, unapata robo ya kilichomo. Waandishi wa wakati ule waliandika Thames Iron Works, Ironworks peke yake, au T.I.W. Halafu kuna programu inayosoma picha ya gazeti na kuigeuza maandishi: wino ukiwa umefifia, herufi m inakuwa "in", na Thames inazaliwa upya kama "Thaines". Usishindane nayo. Mimi niliacha kutafuta timu nikaanza kutafuta wapinzani na viwanja: "Hermit Road", "Old St Stephens", "Barking Woodville", "Chatham" pamoja na mwaka. Mechi zilizojificha zikaanza kutoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Hifadhi ya namna hiyo hulipiwa kwa mwezi. Lipa mwezi mmoja tu, na uwe na orodha yako tayari kabla hujalipa.

Magazeti ya mtaani ndiyo yenye nyama. Stratford Express na West Ham Guardian yanakupa vikosi. Magazeti makubwa ya London yanakupa matokeo tu, tena mara nyingine yamekosewa. Juu ya yote hayo kuna jarida la kampuni yenyewe, Thames Ironworks Gazette, ambamo Juni 1895 ilitangazwa kwamba inaundwa timu ya mpira. Mle timu iko kurasa za nyuma, baada ya meli.

Sasa nije kwenye Excel, maana hapo ndipo nilipoonekana mjinga kuliko mahali pengine popote.

Niliandika tarehe ya mechi ya kwanza, 07/09/1895. Programu ikaipokea kimya. Nikajaza mistari zaidi ya mia, nikabonyeza kupanga kwa tarehe, nikaona msimu wa kwanza umechanganyika na wa nne. Kumbe Excel haijui tarehe yoyote kabla ya tarehe 1 Januari 1900. Inaiona kama neno tu, na maneno huyapanga kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo tarehe 1 za miezi yote na miaka yote zikakaa pamoja kama ndugu. Dalili yake ni ndogo: tarehe halisi huegemea upande wa kulia wa kisanduku, neno huegemea kushoto. Zangu zote zilikuwa zimeegemea kushoto, na mimi nilidhani ni urembo.

Wakati huohuo, safu ya matokeo ilikuwa inafanya kinyume. Sare ya 1-1 imegeuka tarehe mosi Januari. Kipigo cha 3-5 kimekuwa siku fulani ya mwezi wa tano. Lakini 0-5 imebaki 0-5, kwa sababu hakuna tarehe sifuri. Ada ya uanachama ya 2/6 nayo ikawa Juni. Tarehe zilikataa kuwa tarehe, matokeo yaking'ang'ania kuwa tarehe, nami nikiwa katikati. Na ubaya wake ni kwamba ukishabadilisha muundo baada ya kuandika, matokeo hayarudi. Unapata tarakimu ndefu za ajabu. Nilirudia karibu nusu ya safu.

Dawa: tarehe ziandike kama neno, mwaka mbele, 1895-09-07, zitajipanga zenyewe. Mabao yaweke safu mbili, yao na ya wapinzani. Hapo hata kujumlisha mabao ya msimu ni rahisi. Ile 2/6 iandike kwa maneno. Ilikuwa shilingi 2 na pensi 6, ada ya mwaka ya mwanachama. Shilingi yetu ina senti 100, ile ilikuwa na pensi 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Kwa hiyo ada ilikuwa sehemu moja ya nane ya pauni. Usiseme shilingi mbili na senti sitini kama nilivyosoma mahali.

Kuna ujanja mmoja ninaojivunia. Nilitaka kujua kila tarehe iliangukia siku gani ya wiki, lakini programu haifiki huko nyuma. Kalenda tunayotumia hujirudia barabara kila baada ya miaka 400: siku 146,097, ambazo ni wiki 20,871 kamili bila siku hata moja kubaki. Basi ongeza 400 kwenye mwaka. Badala ya tarehe 7 Septemba 1895, uliza ya 2295. Jibu: Jumamosi. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza, sare ya 1-1 na timu ya akiba ya Royal Ordnance. Tarehe 12 Oktoba 1895, Kombe la FA, walipofungwa 5-0 na Chatham: Jumamosi tena. Ni sawa, kwa sababu Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku, na wachezaji walikuwa wafanyakazi.

Uzuri wake ni kwamba tarehe mbovu zinajianika. Ukiona mechi ya ligi imeangukia Jumapili, imekosewa. Wale hawakucheza ligi Jumapili. Mara nyingi ni tarehe ya gazeti iliyochukuliwa kama tarehe ya mechi. Nilinasa kadhaa kwa njia hiyo.

Na siku zisizo Jumamosi zina habari zake. Tarehe 16 Desemba 1895, na Old St Stephens: Jumatatu. Tarehe 16 Machi 1896, walipofungwa 5-3 na Woolwich Arsenal: Jumatatu. Siku nne baadaye, 4-2 na West Bromwich Albion: Ijumaa. Nilidhani nimekosea, nikakagua mara tatu. Zilikuwa mechi za usiku, chini ya taa za umeme, watu wakiwa wametoka kazini. Mpira ulichovywa kwenye chokaa uonekane, na kwa kuwa chokaa hutoka, uliendelea kuchovywa. Siku kumi na moja baada ya mechi ya West Brom, karakana ileile iliteremsha majini manowari ya Japani, Fuji. Hapo ndipo niliongeza safu moja ambayo nakushauri uiweke tangu mwanzo: meli iliyokuwa chelezoni.

Safu hiyo ilijibu maswali ambayo vitabu vya mpira vinayapita juujuu. Kwa nini timu ilikuwepo? Mkurugenzi, Arnold Hills, alikuwa mtu wa Oxford aliyecheza fainali ya Kombe la FA ya 1877 na mechi moja ya England mwaka 1879. Hagusi pombe, hali nyama. Aliongoza chama cha wala mboga cha London, kile ambacho Gandhi alikuwa mjumbe wa kamati yake kabla ya kurudi India 1891. Mwaka 1894 alikuwa ameweka siku ya kazi ya saa nane, na saa zilizobaki alitaka zijazwe na michezo badala ya baa. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi usiku, kwenye chumba cha shule huko Barking Road chenye taa za gesi. Kulipwa kucheza hakukutaka kabisa. Mwaka 1898 timu ilipoingia Southern League alikubali shingo upande wachezaji walipwe, na tangu hapo wafanyakazi wa karakana wakaanza kupungua kikosini. Ukipanga vikosi kwa msimu unaliona hilo waziwazi.

Viwanja navyo vinapotosha. Hermit Road waliurithi kutoka Castle Swifts, timu ya wafanyakazi wa kampuni ya meli ya Castle Line; timu hiyo ilifilisika 1895. Castle Line ndiyo iliyoungana na wenzao mwaka 1900 ikawa Union-Castle, ambayo wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanaikumbuka kwa meli zake za rangi ya zambarau hafifu. Oktoba 1896 Thames Ironworks wakafukuzwa Hermit Road, kwa kuwa walizungushia uzio na kutoza kiingilio kinyume cha mkataba. Ukikuta "nyumbani" msimu huo, usijaze Hermit Road kwa mazoea; baadaye ni Browning Road, East Ham. Kuanzia Juni 1897 ni Memorial Grounds, uwanja uliomgharimu Hills pauni 20,000, una hadi njia ya mbio za baiskeli. Upo mpaka leo, karibu na stesheni ya West Ham, wanachezea raga.

Msimu wa kwanza Memorial Grounds walichukua London League kwa pointi 1 mbele ya Brentford. Jedwali lako lisipotoa tofauti hiyo, kuna mechi umeirudia au umeisahau. Mimi langu lilitoa pointi 3, kwa sababu mechi moja niliiandika mara mbili, kutoka magazeti mawili yenye tarehe tofauti. Fainali ya West Ham Charity Cup ya 1896 na Barking nayo ni mtego: ilirudiwa hadi mtu akashinda 1-0, na kila marudio yanaonekana kama fainali mpya.

Tarehe 21 Juni 1898, Jumanne, hakuna mechi, lakini niliiweka. Manowari Albion iliposhushwa, wimbi lake liling'oa jukwaa la muda walikokuwa wamejazana watu, wakafa zaidi ya thelathini. Kurasa za magazeti ya mtaani za majuma yaliyofuata ni msiba mtupu. Habari ya usajili wa wachezaji ikikosekana hapo, usidhani gazeti limepotea.

Madai ya mitaani niliyapima moja moja. Jamaa mmoja aliapa kwamba Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa Unguja tarehe 27 Agosti 1896, iliundwa Thames Ironworks. Ningependa sana iwe kweli. Siyo: ni ya William Denny wa Dumbarton, Uskoti. Kwamba Millwall nao walitoka karakana ya meli: hapana, walianza 1885 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha vyakula vya makopo na jemu cha Morton's. Kwamba nyundo mbili kwenye nembo zinatokana na neno "Ham": hapana, ni nyundo za kupigia ribiti, misumari ya kuunganisha mabamba ya meli, ndiyo maana mashabiki bado wanaimba "Irons". Kisa cha mkimbiaji Bill Dove kushinda mbio dhidi ya wachezaji wa Aston Villa na kulipwa jezi za rangi ya damu ya mzee na bluu nimekiweka kwenye safu ya "husimuliwa", na hakitoki huko.

Msimu wa mwisho, 1899-1900, walinusurika kushuka kwa kuifunga Fulham 5-1 kwenye mechi ya mtoano. Lakini ufunguo wake tena uko kwenye kampuni: 1899 ilinunua John Penn & Sons, waunda injini wa Greenwich, na ilihitaji mtaji wa nje; wenye hisa wapya hawakuja kulisha timu ya mpira. Juni 1900 timu ikavunjwa, tarehe 5 Julai ikasajiliwa West Ham United. Karakana yenyewe iliunda manowari yake ya mwisho, Thunderer, ikaishusha Februari 1911, na mwishoni mwa 1912 ikafungwa.

Nimeijaribu njia hii kwa timu ambayo haikuwahi kuwa kubwa: Sholing ya Southampton, nusu ya ridhaa nusu ya kulipwa hadi leo. Nayo ilitoka karakana ya meli: ilianza 1884 kama Woolston Works, ikawa Thornycrofts, baadaye Vosper Thornycroft, kisha VT, na Sholing mwaka 2010. Ukitafuta "Sholing" kwa mwaka 1920 hutaipata sare ya 0-0 kwenye Kombe la FA na Burnley, waliokuwa Daraja la Kwanza, ligi ya juu kabisa wakati ule, na waliochukua ubingwa msimu uliofuata. Iko chini ya Thornycrofts, na marudiano walipigwa 5-0. Mwaka 2014 wakachukua FA Vase, kombe la timu ndogo, pale Wembley, 1-0 dhidi ya West Auckland, timu iliyokuwa ya wachimba makaa. Kwa timu ya namna hii andaa kwanza karatasi ya majina na miaka yake, na kila mwenye karakana alipobadilika, chora mstari. Yangu ina mistari mitano, na kati ya wa pili na wa tatu bado kuna misimu isiyo na hata mechi moja.