Nyumba ya babu kule Kilolo haikuuawa na uzee

Ukishuka kutoka Iringa mjini ukafika Ipogolo, unaiacha barabara kuu ya Dar na Mbeya unaanza kupanda kwenda Kilolo, na kadiri unavyopanda ndo unasikia hewa inabadilika, unapandisha kioo, unaanza kutafuta sweta uliyoitupa siti ya nyuma. Huko juu ndo iko nyumba ya babu mzaa baba. Aliijenga 1971, tofali za kuchoma kafyatua mwenyewe na ndugu zake, zimejengewa kwa udongo maana saruji enzi hizo ilikuwa ya kuhesabu, msingi wa mawe, vyumba vinne na baraza mbele, mita 10 kwa 7. Bibi alifariki 2014 na tangu hapo hakuna aliyelala mle ndani, mlango ulifungwa kwa waya miaka saba.

2021 ukoo ukakaa kikao. Baba zangu wadogo walitaka ibomolewe, tofali nzima zigawanywe, zilizobaki zijaze mashimo barabarani. Shangazi ndo aliyekataa. Alisema, mimi nimebeba maji ya kufyatulia hizo tofali nikiwa na miaka tisa, haibomolewi, apewe anayetaka kukaa. Nikanyoosha mkono. Mimi ni mtoto wa kike na nimeolewa, kwetu Uheheni hilo si jambo jepesi, wapo waliokohoa na wapo waliotoka nje kabisa, lakini shangazi alisimama na mimi mpaka mwisho na baba akakubali.

Hapa naomba nikazie jambo moja kabla ya mambo ya ujenzi, maana wengi tunaliruka. Usinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla karatasi hazijakaa sawa. Tuliandika muhtasari wa kikao, wote wakasaini, nakala ikaenda serikali ya kijiji, ndo tukaanza kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina langu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume kwenye ardhi ya kijiji, hili nililijua kwa kuambiwa na mwanasheria rafiki yangu na kiukweli lilinipa nguvu ya kukaa kwenye kile kikao bila kuinamisha kichwa.

Haya, nyumba sasa. Tulipofungua mlango harufu ya kwanza ilikuwa ya udongo mbichi, kama umeingia kwenye shimo. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama mlima, tofali zake za chini zilikuwa zinamung'unyika, unazigusa na kidole zinashuka unga, mpaka kimo cha goti. Mbele kuzima kabisa, nyuma kumeoza. Mimi na baba watoto tulitazama tukasema hii ni nyumba ya miaka hamsini, imezeeka, inataka kuvishwa koti jipya. Tukachukua fundi kutoka mjini, akasema kwa kujiamini kabisa piga lipu ya saruji nje yote, weka rangi, mtaitafuta nyumba ya zamani hamuioni. Mifuko 16 ya saruji, mchanga umepanda na trekta kutoka mtoni, mwezi wa tisa ikaisha, ikapendeza kweli, nikapiga picha nikamtumia kila mtu.

Mvua zikaanza. Mwezi wa pili lipu ya ukuta wa nyuma ikawa imevimba tumbo, ukigonga inalia tupu. Mwezi wa nne kikaanguka kipande kikubwa kama mlango, na kibaya zaidi hakikuanguka peke yake, kiling'oka na uso wa tofali zenyewe, yaani ukuta uliostahimili miaka hamsini tuliuumiza kwa mvua moja. Nililia jamani. Hela ile ilikuwa ya mkopo.

Baada ya hapo jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja fundi, kitongoji cha pili, mtu wa miaka sabini na kitu ambaye bado anapanda ngazi. Alikuja asubuhi, kamwene, kamwene, salamu yetu ya Kihehe, nikamwamkia shikamoo babu, akapewa kiti wala hakukaa. Cha ajabu hata ule ukuta hakuutazama, alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akapanda kidogo kwenye mteremko, akawa anachomachoma ardhi na ncha ya jembe. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa na mfereji hapa. Mmeupeleka wapi?"

Mimi sikuwahi kujua kama kuna mfereji. Tulichimba siku mbili. Kina cha kama mkono mzima, chini ya udongo uliokuwa unashuka kutoka mlimani miaka yote ile, tukaanza kukuta mawe bapa yamepangwa, moja kando ya lingine, yamelala kwa mteremko mzuri yanazunguka nyumba nzima upande wa juu na kutokea bondeni. Hakuna saruji hata chembe. Nilikaa chini. Shangazi tulimpigia simu akasema kwani hamkuujua, mama alikuwa anausafisha kila mwezi wa kumi kabla ya mvua za kwanza, sisi watoto ndo tulikuwa tunazoa matope. Kwa hiyo bibi alipoondoka mfereji ukaziba, maji yote ya mlima yakawa yanakuja kukaa kwenye msingi, ukuta unayanywa kutoka chini kama utambi wa taa. Hiyo ndo iliyokuwa inaiua nyumba. Wala si miaka hamsini.

Babu fundi alinieleza kuhusu lipu pia na hili ndo ningependa kila mwenye nyumba ya tofali za udongo au tofali za kuchoma zilizojengewa udongo alisikie. Ukuta wa namna hiyo lazima una unyevu kidogo, na unyevu huo unatokea usoni mwa ukuta, jua linaukausha, maisha yanaendelea. Saruji ni ngumu na imebana, ukiivisha juu ya udongo unakuwa umefunga mlango wa kutokea, maji yanakaa nyuma yake, udongo unalainika, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko inachokishikilia, ikiondoka inaondoka nacho. Si kwamba saruji ni mbaya, ni kwamba haiendani na mwili wa ile nyumba. Tulibandua lipu yote ya upande wa nyuma taratibu kwa patasi, tukaacha ukuta uchi kiangazi chote cha 2022 ukauke, tukabadilisha tofali za chini zilizokufa, chache chache, huwezi kutoa mstari mzima kwa mara moja ukuta utakaa chini. Ndo mwezi wa kumi tukapiga lipu ya chokaa, chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, mchanga uliochekechwa. Inataka subira. Unapiga nyembamba, unasubiri, unarudia, na siku za kwanza unainyunyizia maji na kuifunika magunia isikaushwe na jua haraka ikapasuka. Mafundi vijana hawaipendi kwa sababu inachelewesha, ila imeshapita masika mawili haijavimba popote.

Paa ndo lilikuwa gharama kubwa kuliko vyote. Kenchi zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, ukiitazama mbao nzima, ukiibonyeza inaingia kidole. Tukachukua mbao za paina zilizotiwa dawa kutoka Mafinga, na bati geji 28, 68 za futi 8. Watu walinishangaa kwa nini nisichukue geji 30, ile nyembamba ambayo bei yake imekaa vizuri, lakini nyumba iko mgongoni mwa kilima na upepo wa kule mwezi wa nane si wa kuuchezea. Jambo nililoling'ang'ania ni kutoa bati nje ya ukuta sentimita 70 kila upande. Babu alikuwa ameacha futi moja tu, labda bati hazikutosha. Ukitoa paa vizuri mvua inadondokea mbali, ukuta unabaki mkavu, hata lipu yako inadumu. Kwa macho yangu saivi nikipita barabarani kila nyumba mpya naangalia kwanza bati zimetoka kiasi gani, na naumia, maana fasheni ya sasa ni kuzikata karibu na ukuta ili nyumba ionekane ya kisasa.

Sakafu, milango, madirisha, choo, hayo yalienda kama yanavyoenda kwa kila mtu, sina la kuongeza. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulifika kijijini ila nguzo ya mwisho iko mbali na sisi, kwa hiyo tuko kwenye sola, taa nne, simu na redio.

Maji ya paa yalinifundisha hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi. Paa letu lote lina kama mita za mraba 96, sisi tumeweka gata upande wa mbele tu kwa sasa, yaani 48, kwa hiyo mvua ya milimita 10 usiku mmoja inatuletea karibu lita 480, na tanki la lita 2,000 linajaa kwa mvua kama nne au tano nzuri. Mwanzo nilikuwa nalipa vijana wa kuchota maji mtoni kwa ndoo huku mvua inanidondokea mlangoni!

Sasa kuhamia na kulima. Mimi bado nashuka mjini siku tatu kwa wiki kwa kazi, baba watoto ndo amehamia moja kwa moja. Shamba ni ekari tatu, na robo tatu ya shamba lote ni mteremko. Mahindi na maharage ya njano tunaweka mvua zikishika, mwezi wa kumi na moja mwishoni. Bibi alikuwa na kinyungu chake bondeni karibu na kijito, alilima mboga na mahindi ya kuchoma kiangazi kizima, na nilitamani sana kukifufua pale pale. Lakini sheria ya mazingira inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na tukiacha sheria, kijito chenyewe kimepungua, shangazi anasema zamani kilikuwa kinafika magotini mwezi wa tisa na saivi unakiruka. Tukaamua kuacha mianzi ishike kingo, na kinyungu tumekisogeza juu, tunamwagilia na maji ya tanki. Mianzi yenyewe ina faida yake, msimu wa mvua majirani wanagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, na sisi tunapata mbeta yetu.

Parachichi nilipanda miche 40 ya Hass ya kubebeshwa, mita 6 kwa 6. Mistari ya chini kabisa, karibu na bonde, ikafa yote, miche tisa. Majani yalikuwa yanafifia kama yana kiu wakati ardhi imelowa, nikawa namwagilia tena, kumbe ndo namalizia kuua. Mizizi ya parachichi haivumilii maji yaliyotuama, inaoza. Bwana shamba aling'oa mmoja akanionyesha, mizizi myeusi inakatika kama uzi. Yaani ni kosa lile lile la ukuta wa nyuma, nimelirudia shambani mwaka mmoja baadaye. 31 iliyobaki iko juu kwenye mteremko, inapendeza, mingine mwaka huu imetoa maua.

Kuku wapo wa kienyeji, banda limejengwa kwa zile tofali tulizozitoa ukutani ambazo zilikuwa bado na upande mzima. Kideri kiliwahi kupita kijiji kizima, sisi tulishakuwa tunachanja kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, tukapoteza wawili tu. Majirani wengine walibaki na banda tupu, ilisikitisha kwa sababu dozi ile ni hela ndogo, shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku wengi na mwenye kuku sita anaona haimfai. Saivi tunachangishana kaya tano tunachanja siku moja.

Chumba cha nyuma, kile kilichokuwa kinanuka shimo, bado hakijakauka kabisa. Tangu tumefukua mfereji napiga mstari wa penseli ukutani pale unyevu unapoishia, naandika na mwezi. Mstari wa kwanza uko sentimita 55 kutoka sakafuni, mwezi wa tano 2022. Wa mwaka uliofuata mwezi huo huo uko 34. Shangazi alipokuja Pasaka alilala chumba hicho, alikataa kabisa kupewa kingine kwa sababu ndo alikolala utotoni, asubuhi nikamkuta amevaa miwani anaisoma ile mistari na kidole. Akaomba penseli na yeye apige wake. Uko 21. Fundi anasema nisipige lipu ya ndani mpaka mistari isimame sehemu moja misimu miwili, kwa hiyo ukuta ule bado uko uchi na kitanda tumekisogeza katikati ya chumba.