Mpiga fidla aliyeshika fimbo

Jumamosi iliyopita, katika chumba tunamofundishia watoto fidla hapa Kampala, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, yule anayesimama mbele akipunga fimbo, yeye hupiga ala gani?" Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Yehudi Menuhin, mpiga fidla mashuhuri ambaye baadaye aliongoza okestra.

Menuhin alizaliwa New York mwaka 1916 na kukulia San Francisco, ambako akiwa na umri wa miaka 7 tu alikwisha kupiga pamoja na okestra ya jiji hilo. Mwaka 1929, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga koncheto tatu (tungo ndefu za mpiga ala mmoja akisindikizwa na okestra) kwa usiku mmoja mjini Berlin, ya Bach, ya Beethoven na ya Brahms, Bruno Walter akiongoza okestra. Miaka mitatu baadaye alirekodi London koncheto ya Mwingereza Edward Elgar, na aliyeongoza okestra ni mtunzi mwenyewe, mzee wa miaka 75 ambaye naye ujana wake aliupitisha katika fidla.

Wengi huishia hapo, kwenye maajabu ya utoto. Mimi hunigusa zaidi yaliyofuata. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwapigia askari zaidi ya mara 500, na Julai 1945 yeye na mtunzi Benjamin Britten, aliyepiga piano, waliwapigia manusura wa Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani. Baada ya hapo mkono uliomtii tangu utotoni ulianza kumsumbua, na kwa kuwa alijifunza kupiga kabla ya kujua anapigaje, hakuwa na pa kushika. Mtu ambaye dunia nzima ilimjua akarudi kujiuliza maswali ya mwanafunzi wa mwezi wa kwanza: vidole vinaushikaje upinde, uzito wa mkono unatoka wapi, bega linakaza kwa nini. Kuanzia mwaka 1952 alijifunza pia yoga kwa mwalimu B.K.S. Iyengar wa India.

Jambo hilo naliona kila wiki. Mtoto hubana shingo ya fidla kwa kidole gumba mpaka ukucha unakuwa mweupe, na papo hapo sauti inaziba. Nikimlegeza kidole taratibu, uzi uleule unaimba.

Naamini maswali hayo ndiyo yaliyomfaa Menuhin aliposhika fimbo ya kuongozea, hasa na okestra ya Bath, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Fimbo haitoi sauti yoyote, lakini kiongozi aliyetoka kwenye fidla anajua noti ipi ianzwe kwa upinde unaoshuka na ipi kwa unaopanda, na wapiga nyuzi husoma katika kifundo cha mkono wake kasi na uzito anaoutaka. Aliendelea kuongoza hadi uzeeni, na alifariki Berlin mwaka 1999, akiwa na miaka 82.

Nilipomaliza kusimulia, nilimwita yule mtoto mbele na kuwaambia wenzake wanne wapige uzi mmoja pale atakaposhusha mkono. Mara ya kwanza walianza kila mtu kwa wakati wake. Nikamwambia avute pumzi kwanza, kana kwamba ni yeye anayepiga. Akavuta pumzi, mabega yakainuka kidogo, mkono ukashuka, na pinde zote nne zikaondoka pamoja.