Onyesheni Viganja

Mabomba tuliyokuwa tukichimbia visima vya maji yalikuwa na urefu wa mita 6, kila moja likipita kilo 100. Ncha moja ya bomba ni pini, imechongwa thredi kwa nje, mizingo kama ya skrubu. Ncha ya pili ni boksi, mdomo mpana wenye thredi kwa ndani. Bomba jipya huning'inizwa kwa winchi, pini ikiangalia chini, kisha hushushwa polepole ndani ya boksi la bomba lililotangulia. Hilo lililotangulia limesimama mezani pa mashine, limeshikwa shingoni na spana nene ya chuma, na uzito wa mabomba yote yaliyo shimoni unalivuta. Kabla ya pini kuingia kuna kitambo kidogo ambacho pengo kati ya vyuma hivyo viwili linatosha kidole. Wageni waliokuja kututazama walikuwa wakiogopa mlingoti mrefu na mngurumo wa kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Mimi nililiogopa pengo lile, na bado naliogopa.

Nilikuwa msaidizi wa rigi, mashine ya kuchimbia visima, mwaka 2017, mwaka ambao Nairobi iliishi kwa mgao wa maji. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokuwa likilipatia jiji zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, lilikuwa limepungua sana kwa sababu mvua zilikuwa haba. Mitaani mifereji ilikauka siku nzima, mikokoteni ya mitungi ikazunguka, na malori ya maji yakawa yanasubiriwa kama wageni wa harusi. Mwenye ghorofa za kupangisha aliyekuwa na pesa aliona heri achimbe kisima chake. Kazi hazikuisha. Tulihama ploti hadi ploti, matope ya mtaa mmoja yakiwa hayajakauka viatuni tukaanza kukanyaga ya mtaa mwingine.

Mwezi wa Julai tukawa Embakasi, kwenye ploti ya mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Kule juu ni udongo mweusi, ule unaopasuka jua likiwaka na kunata kama gundi ukinyeshewa. Ukiupita unakutana na jiwe gumu la kijivu ambalo wanajiolojia huliita fonoliti ya Nairobi. Tulitanguliza bomba pana la chuma ili udongo usibomoke, tukafunga nyundo ya hewa yenye biti, ncha ya kutobolea, ya milimita 216, tukaanza kulitwanga jiwe. Chini ya fonoliti kuna majivu ya volkano yaliyogandamana na tabaka za mashapo, na maji mengi ya upande ule hupatikana humo, kwenye kina cha mita mia mbili na zaidi. Maana yake ni mabomba mengi, na kila bomba ni ungio moja la kufunga wakati wa kushuka na kulifungua wakati wa kupanda.

Opareta wetu alikuwa mtu mzima, mvi zimemjaa. Sisi wote tulimwita Mzee, hata msimamizi wa kampuni. Aliwahi kufanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke ambavyo hushuka hadi kilomita 3, na huko ndiko alikojifunza kuzungumza kwa mikono, maana mashine ikinguruma sauti ya mtu haina kazi. Alikuwa na sheria zake. Thredi zisuguliwe kwa brashi, zipanguswe, zikaguliwe kwa macho na kwa kidole kabla ya kupakwa grisi. Tope likibaki humo, thredi hung'atana, na ungio lililong'atana ama halifunguki tena ama linakatikia shimoni na kuiacha nyundo chini pamoja na mabomba yote yaliyo chini ya ungio hilo. Alipenda kutuonyesha bega la pini, ile duara bapa inayokaa juu ya thredi. "Hapa ndipo nguvu inapopita," alisema. "Bega likiwa na jeraha, hewa itavuja na ungio litalegea. Hilo bomba weka kando." Bomba lenye kasoro alilitia alama kwa chaki, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Kulikuwa pia na sheria ya hewa. Kompresa ile ilisukuma hewa kwa nguvu ya zaidi ya ba 20. Kabla ya kulegeza ungio lolote, hewa ifungwe, kisha vali ya kutolea ifunguliwe mpaka mlio wa hewa inayotoka uishe wenyewe. Mipira mikubwa ya kupitishia hewa ilifungwa kamba ya waya kwenye kila kiungo, kwa sababu mpira ukichomoka ukiwa na hewa ndani huchapa huku na huko na kuua mtu.

Lakini sheria aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa ya viganja. Msaidizi anaongoza bomba linaloning'inia kwa kulishika ubavuni, usawa wa kifua, mikono ikiwa mbali na ncha. Pini ikifika juu ya boksi na kutulia, wasaidizi wote wawili wanaachia, wanarudi hatua moja nyuma na kuinua mikono, viganja vikimwangalia opareta. Mzee anahesabu viganja vinne. Vikitimia, anashusha. Pini ikikaa, kichwa cha kuzungushia kinashuka kushika ncha ya juu, na kabla hakijaanza kuzunguka anahesabu tena viganja vinne. Kama bomba limeyumba tulipoliachia, analiinua tunaanza upya. Hakuna aliyemlipa kwa upya huo. Nilimuuliza mara moja alikoitoa sheria hiyo. Akanijibu kwamba kuna mahali, hakupataja, aliwahi kumpeleka mwenzake hospitali, kidole kikiwa kimefungwa kwenye leso.

Jioni ninayoikumbuka, msaidizi mwenzangu wa kila siku alikuwa ameenda kwao kuzika. Tukaletewa kijana mwingine, mtu wa bidii, mwepesi wa kuelewa. Ilikuwa ile baridi ya Julai ya Nairobi, manyunyu tangu asubuhi, ndege za kuelekea uwanjani zikipita chini chini bila kuonekana. Kijana alikuwa amevaa kabuti kubwa juu ya ovaroli, kabuti la mitumba lenye mkanda wa kitambaa kiunoni. Asubuhi Mzee alimwambia alivue. Akalivua. Mchana manyunyu yalipozidi akalivaa tena, na wakati huo Mzee alikuwa upande wa pili akizungumza na fundi wa kompresa.

Tulikuwa tumefika mita 180, mabomba 30 ardhini. Vumbi lililokuwa likitoka shimoni lilikuwa limeanza kubadilika rangi na kushikana mkononi, dalili ya unyevu. Keateka wa ploti, mtunzaji wa nyumba zile, aliiona dalili hiyo akasisimka. Wapangaji walikuwa wamejipanga kwenye varanda za ghorofa wakitutazama, wengine wameshika ndoo, kana kwamba maji yangetoka saa ile ile. Ruhusa yetu ya kupiga kelele ilikuwa inaisha magharibi.

"Fundi, ongezeni moja tu kabla ya giza," keateka aliita. "Mama ananipigia simu kila saa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Bomba la thelathini na moja likainuliwa. Mimi nilikuwa upande wa kulia nikiliongoza, kijana alikuwa kushoto, akiwa amemaliza kupaka grisi kwenye boksi. Pini ikaja, ikayumba kidogo, ikatulia juu ya mdomo wa boksi kwa kimo cha shubiri moja. Nikaachia, nikarudi nyuma, nikainua mikono.

Mzee alikuwa ameshika leva. Nilimwona macho yake yakitoka kwangu yakienda kwa kijana. Yakabaki huko. Mkono wake haukusogea.

Nikageuka. Kijana alikuwa ameinua kiganja kimoja, cha kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa chini, na mwili wake umepinda kidogo kama mtu anayeokota kitu. Mkanda wa kabuti ulikuwa umenaswa kati ya spana na shingo ya bomba lililosimama, naye alikuwa akiuvuta haraka haraka ili asicheleweshe kazi. Kila alipouvuta, vidole vyake vilipanda na kugusa mdomo wa boksi, palepale ambapo pini ilikuwa inasubiri kuingia. Na usoni alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayesema, endeleeni tu, namaliza.

Mzee hakupiga kelele. Aliliinua bomba taratibu mpaka likawa juu ya vichwa vyetu, akatuashiria tutoke chini yake, akalishusha pembeni likaegemea rafu yake. Kisha akazima injini ya rigi na kompresa. Ghafla tukawa tunasikia matone kwenye mabati na redio ya mtu ghorofani.

Akashuka, akatoa kisu mfukoni, akaukata mkanda. Hakuuvuta. Alisema ukivuta kitu kilichonaswa hujui kitakachokuja nacho. Kisha akamshika kijana mkono wa kushoto, akaivua glavu, akavitazama vidole kimoja kimoja, mbele na nyuma, kama daktari.

"Wewe kijana," akamwambia, "kama ningeshusha, hivi vingebaki humo ndani. Kama ningezungusha, huo mkanda ungekuvuta wote mpaka kwenye bomba, na mimi niko juu pale siwezi kusimamisha kwa wakati. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Nilidhani—"

"Usidhani. Ukinaswa, piga kelele. Hata kama ni kifungo cha shati."

Keateka alikuwa amekaribia. Akauliza mbona mashine imezimwa na giza halijaingia. Mzee akamwambia kazi ya leo imefika hapo. Keateka akapandisha sauti: wapangaji wanahama kwa sababu ya maji, mama amekopa benki, fundi mmoja amekatika mkanda wa kabuti, basi kazi ndiyo isimame? Maneno yale yaliniuma, na yananiuma bado. Najua kiu ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nanunua mtungi wa lita 20 kama wao, na nyumbani kwangu maji ya kuoshea vyombo tuliyatumia tena chooni. Hata hivyo yule mtu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye boksi, na hakulitazama hata mara moja.

Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Akasema, "Nipe nafasi niinue mabomba kutoka chini, kesho mapema nitakuwa hapa."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hata kusimama kuna kazi yake. Huwezi kuiacha nyundo imekaa chini usiku kucha. Vumbi na vipande vya mwamba vilivyobaki shimoni hutulia na kuishika, na asubuhi hutaitoa. Injini ziliwashwa tena. Tulipuliza shimo likasafika, tukafunga hewa, tukasubiri mlio wa hewa uishe. Kisha tukavuta na kufungua mabomba machache, moja baada ya jingine, kila thredi ikivishwa kifuniko chake kabla ya kulazwa kwenye rafu. Kijana hakuwa na kabuti tena. Alikuwa anatetemeka, na sijui kama ilikuwa baridi tu. Mzee alimtaka awe yeye wa kwanza kuinua mikono kila mara, na mimi nimfuate. Polepole kupita kawaida. Kila ungio lilipofunguka tulisimama wote wawili mikono juu mpaka tuitikiwe kwa kichwa.

Tukiwa tunafunika mdomo wa shimo, mama mwenye ploti akafika kwa gari, amevaa leso juu ya sweta. Keateka alishamweleza kwa simu. Alimsalimia Mzee kwa heshima, akauliza ni nani aliyenaswa. Kijana akajitokeza. Akamwuliza anatoka wapi, ana watoto wangapi. Ana mmoja, alisema, msichana, hajaanza shule. Mama akamgeukia keateka na kumwambia kwamba kesho mashine ikiwaka hataki kumwona yeyote ndani ya ule utepe wa manjano ila hawa mafundi, yeye keateka akiwemo. Akaondoka bila kuuliza habari za maji.

Asubuhi tulianza baada ya saa mbili. Tulirudisha mabomba yaliyotolewa, tukasafisha upya thredi za lile la thelathini na moja kwa kuwa lilikuwa limelala nje na grisi yake imeshika mchanga. Kijana alipaka grisi mpya, akanyoosha mgongo, akarudi nyuma. Kabla Mzee hajahesabu, alipaza sauti mwenyewe: "Viganja!" Nami nikainua vyangu.

Pini ikaingia. Kichwa cha kuzungushia kikashuka, tukahesabiwa tena, ungio likakaza mpaka bega likakaa juu ya bega. Mzee akafungua hewa, na nyundo ikaanza kugonga chini kabisa.