Usikate Kikonyo cha Irisi

Novemba. Vuli imeshika hapa Mwanza, na irisi za msituni chini ya miembe zimechanua. Tabia yake ndiyo hiyo: siku kadhaa kimya, kisha vichaka vyote vinafunguka asubuhi moja, na jioni maua yameshanyauka.

Nazungumzia Dietes iridioides, ile ya misitu yetu, inayoota kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Ua ni jeupe, lina alama za njano, na katikati rangi ya urujuani. Ukiuziwa yenye ua la manjano mpauko na madoa meusimeusi, hiyo ni Dietes bicolor ya Afrika Kusini. Nzuri pia, ila siyo hii.

Udongo wa vilima vyetu ni mchanga wa mawe ya itale, maji hayakai. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya majani yaliyooza, panda kwa nafasi ya sentimita 50, na shina nene la chini liwe karibu kabisa na uso. Ukilifukia sana, linaoza masika. Kivuli kiwe cha kiasi, jua la asubuhi lipenye. Chini ya mwembe uliofunga utapata majani mazuri, maua hakuna.

Mbegu sasa. Inamisha macho chini ya kile kipande cha urujuani kilichosimama kama petali. Kwa chini kimelaza stameni moja, yaani kijiti chenye chavua, na mbele yake kuna mdomo mwembamba unaopokea chavua. Nyuki akiingia, mgongo wake unagusa mdomo huo kwanza, ndipo anapakwa chavua ya ua hilo. Mvua kubwa ya asubuhi kutoka ziwani hulowesha chavua, na nyuki hawatoki. Siku kama hiyo subiri petali zikauke maji ya mvua, chomoa stameni kwa kibano, upake mdomo wa ua la mmea mwingine. Mwingine kwelikweli: vichaka vilivyogawanywa kutoka kwa mama mmoja ni mmea uleule. Funga uzi mahali ulipopaka. Ovari iliyo chini ya ua ikivimba, imeshika. Ikigeuka njano na kudondoka, rudia kwenye ua jingine.

Kinachowakosesha watu mbegu zaidi ya yote ni mkasi. Ua likinyauka, bustani inaonekana chafu, basi kikonyo kinakatwa. Kumbe kikonyo kilekile kitatoa maua tena, msimu huu na ujao. Vifuko vya mbegu vikijaa vinakivuta mpaka chini, na wengi hudhani kimevunjika. Kiache. Wakati mwingine kinachipua mche pale kinapogusa udongo. Mche huo ni nakala ya mama, wa mbegu ni mtoto.

Kifuko cha kijani usikivune, hata kikiwa kinene. Ngoja kiwe kahawia na kuanza kupasuka nchani. Loweka mbegu usiku mmoja, zifukie nusu sentimita kwenye mchanga na majani yaliyooza, nusu kwa nusu, kivulini, pakiwa na unyevu bila kutuama. Huota kwa kupishana, mwezi hata miwili, kwa hiyo usimwage trei kwa sababu miche michache imetangulia. Ihamishie bustanini mvua zinapoanza, iwe imeshika mizizi kabla ya kiangazi cha Juni. Ua la kwanza litegemee mwaka wa pili au wa tatu.