Barua ya Padri kwa Mama wa Jinja

Mwezi Agosti 2011, Al-Shabaab walipokwisha kuondoka katika sehemu kubwa ya Mogadishu, sisi wa kikosi cha Uganda katika AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia, tulianza kuingia mitaa ambayo wenzetu waliotangulia, tangu Machi 2007, hawakuweza kuifikia. Adui alikuwa ameondoka, lakini mabomu aliyoyatega ukingoni mwa barabara aliyaacha. Moja lilimpata mwenzetu, kijana aliyezaliwa na kulelewa katika kambi ya jeshi ya Jinja, mtoto wa askari.

Nilikuwa karani wa kombania, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, Padri wa kikosi chetu aliniita jioni ya siku ya pili nimsaidie kumwandikia mama wa marehemu. Taarifa rasmi ilikwisha kupelekwa na mwili ulikuwa umesafirishwa hadi Entebbe. Barua ile ilikuwa ya Padri mwenyewe. Alikuwa na cheo cha kapteni, ila hakuna aliyemwita hivyo, hata Waislamu wenzetu waliokuwa na imamu wao. Stola yake ya zambarau, ule utepe wa shingoni wa kipadri, aliikunja ikaenea katika mfuko wa kifuani wa magwanda, pamoja na kichupa cha mafuta matakatifu kisichozidi kidole gumba. Misa alitusomea nyuma ya magunia ya mchanga, bila kengele, katika mji ambao kanisa kuu lake, lililojengwa na Waitalia, lilikuwa magofu, na ambamo Askofu Salvatore Colombo aliuawa kwa risasi Julai 1989.

Tulikaa kwenye makasha ya risasi yaliyo matupu. Nilipendekeza tuandike kwamba kijana alifariki papo hapo bila maumivu, kama barua za namna hiyo zinavyoandikwa siku zote. Padri akaniuliza, "Wewe ulikuwepo, kijana. Ndivyo ulivyoona?" Nikanyamaza, maana sivyo nilivyoona. Aliishi kwa muda juu ya machela, akili zake zikiwa timamu, akiomba maji.

Hapo ndipo alipotoa katika misale yake, kitabu cha sala za Misa, kurasa chache za nakala, zilizochakaa kwenye mikunjo, alizozitunza tangu seminari. Zilikuwa barua za Padri Willie Doyle, Mjesuiti wa Ayalandi aliyehudumia Divisheni ya 16 ya nchi yake katika Vita Kuu ya Kwanza na kuuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 16 Agosti 1917. Mwili wake haukupatikana. Barua nyingi alimwandikia baba yake mzee, wala hakumficha mambo. Padri alinisomea ile ya mapigano ya Somme, mwaka 1916, akinifasiria sentensi moja moja: jinsi Doyle alivyochimba ubavu wa handaki apate pa kusimama, akaweka kasha la biskuti juu ya singe mbili za Wajerumani, na hiyo ndiyo ikawa altare ya kusomea Misa ya wafu, huku mizinga ikilia na maiti zikiwa bado hazijazikwa. "Mzee aliyasoma haya yote," alisema Padri, "na mwanawe angali huko huko."

Nilimjibu kwamba baba aliye na mtoto hai si sawa na mama aliyezika. Mpaka leo naona nilikuwa na hoja, naye hakuipuuza, lakini kalamu haikubadilika njia. Aliandika kwamba kijana alipakwa mafuta, kwamba alijibu "Amina" kwa sauti iliyosikika, na kwamba aliomba maji. Nilipomshauri aongeze kwamba marehemu alikuwa ameungama, alikataa kata kata, kwa kuwa yahusuyo kitubio ni siri hata baada ya kifo. Aliandika badala yake kuhusu maondoleo ya dhambi ya jumla aliyotupa sote kabla ya kutoka kambini, kwa kuwa hayo yalifanyika hadharani. Karatasi zilikuwa za daftari la hesabu, zenye miraba.

Barua ilisafiri na ofisa aliyekuwa akirudi nyumbani. Baada ya majuma kadhaa simu ya Padri iliita nami nikaitwa kuipokea. Mama alizungumza Kiswahili cha kambi, kikavu na cha haraka, bila kulia. Aliniuliza jambo moja: "Mwanangu, hayo maji alipewa?" Nilimweleza kwamba daktari alikataza asinywe kwa sababu ya jeraha la tumbo, ila alituruhusu kumlowesha midomo, na mimi ndiye niliyefanya hivyo kwa kitambaa. Akataka kujua kama kitambaa kilikuwa safi. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, nilikuwa nimekifua asubuhi ile ile." Akasema vema, akaomba nimrudishie Padri, kwa kuwa alikuwa na nia ya Misa ya kuandikisha na salio la simu lilikuwa linakwisha.